Mzazi ndiye ashike tochi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme na wazazi wenzangu wanaofikiria kununua gari lililotumika kwa nia ya kulitengeneza nyumbani pamoja na kijana wao wa miaka 15, 16 au 17. Ninalotaka kusema ni jambo moja tu, nalo ni kwamba katika kazi hiyo spana ishikwe na mtoto na tochi ishikwe na mzazi. Wengi wetu tulilelewa kinyume chake: mtu mzima amelala chini ya gari, mtoto amechutama pembeni na tochi, anakaripiwa kila mwanga unapoyumba, na kazi inapokwisha hajui kilichofunguliwa wala kilichofungwa. Gari hupona kwa njia hiyo, sikatai. Ila mtoto hutoka hapo akiwa amejifunza kuchutama kwa muda mrefu, basi.

Nayasema haya kwa sababu nilikosea mimi mwenyewe. Binti yangu alikuwa na umri wa miaka 16 tulipoanza kulishughulikia gari dogo la petroli ambalo lilikuwa limeegeshwa bila kutembea kwa zaidi ya miaka miwili. Kazi tuliyoiona kuwa rahisi kuliko zote ilikuwa kubadili oili ya injini, na kwa hiyo tukaanza nayo. Yeye alikuwa chini ya gari akirudisha bolti ya kumwagia oili, taratibu, huku akiuliza kila robo ya mzunguko kama imetosha. Mimi nilikuwa nimechoka na nina haraka, nikamwambia atoke nimwonyeshe. Nikaikaza kwa nguvu za mtu mzima anayejiona kuwa anajua, na thredi za bakuli la oili zikaliwa palepale. Bakuli hilo ni la alumini ilhali bolti ni ya chuma, na alumini ni laini, haihitaji hasira nyingi ili ishindwe. Kitabu cha gari kilikuwa ndani ya kisanduku cha dashibodi, na ndani yake imeandikwa nguvu ya kukazia bolti ileile kwa kipimo cha nyutonimita. Sikuwa nimekifungua. Binti yangu hakusema neno lolote, na ukimya wake ulinielemea kuliko gharama ya kutiliwa thredi mpya.

Siku iliyofuata tulipatana upya. Yeye ndiye angefungua na kufunga kila kitu. Mimi ningeshika tochi, ningemsomea kitabu cha gari kwa sauti, na ningekuwa na mamlaka ya kusema "simama" katika mambo matatu pekee, yaani gari likiwa juu, injini ikiwa inaunguruma, na lolote linalohusu breki. Katika matatu hayo sikukubali majadiliano, na sidhani kama mzazi yeyote anapaswa kuyakubali. Jeki ni ya kuinulia gari tu. Kazi ya kulishikilia ni ya stendi za chuma, ambazo huwekwa juu ya ardhi ngumu na tambarare, chini ya sehemu zile hasa zinazoonyeshwa na kitabu, huku magurudumu yaliyobaki chini yakizuiwa kwa kabari. Kabla ya mtu kuingia chini, gari husukwasukwa kwa mkono ili kuona kama limetulia. Injini haiwashwi ndani ya banda hata mlango ukiwa wazi, kwa kuwa moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo humlegeza mtu kabla hajatambua kuwa ana tatizo. Kifuniko cha rejeta hakiguswi injini ikiwa ya moto, maana maji yaliyomo yako chini ya shinikizo na yamepita joto la kawaida la kuchemka, na kifuniko kikilegea hugeuka mvuke mara moja. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, ikimwagika hufutwa papo hapo, kwa sababu kulanti nyingi ni sumu yenye utamu, na utamu huo huwavuta wanyama na watoto wadogo.

Nje ya mambo hayo nilinyamaza, na kunyamaza kulikuwa kazi ngumu kuliko zote tulizofanya kwenye gari lile. Mtu anayeshika tochi huona mahali mwenzake anapotazama. Nilimwona akiangalia sehemu isiyo yenyewe kwa dakika nzima, nami najua nati anayoitafuta iko wapi, na mkono unaniwasha. Mara nyingi aliipata. Mara nyingine hakuipata, lakini akagundua kitu ambacho mimi nisingekiona, kwa mfano bomba dogo la mpira lililokuwa limepasuka nyuma ya kichujio cha hewa. Tochi humlazimisha mzazi aende kwa mwendo wa mtoto, na mwendo huo, ingawa unachosha, ndio unaoonyesha mambo.

Kisa cha taa ya injini kitaeleza ninachomaanisha. Tulipokuwa tumemwaga petroli iliyochakaa, tumeweka betri mpya na kubadili plagi, injini iliwaka, lakini ikatetemeka kama mtu mwenye homa, na taa ya injini kwenye dashibodi ikawa inamweka badala ya kuwaka tu. Kumweka huko si mapambo. Kwa kawaida humaanisha kwamba silinda mojawapo haichomi petroli yake, na petroli hiyo ghafi huenda kuunguza kichujio cha moshi kilichoko kwenye bomba la ekzosi, ambacho ni kifaa ghali. Tulizima. Tukachomeka kifaa kidogo cha kusomea hitilafu kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, kikatoa msimbo P0301. Herufi P inahusu injini na giaboksi, sifuri ina maana kwamba msimbo huo ni wa pamoja kwa watengenezaji wote, tatu inahusu uwashaji, na 01 ni silinda ya kwanza.

Mimi nilikuwa tayari kununua koili inayoipa plagi umeme, plagi nyingine na injekta inayopuliza petroli, vyote vitatu, ili yaishe. Binti yangu aliuliza swali moja: ikiwa kosa ni la koili, je, tukiihamisha koili hiyo, kosa halitaifuata? Nilitaka kujibu nikajizuia, nikainua tochi. Akaitoa koili ya silinda ya kwanza akaiweka kwenye silinda ya tatu, na ile ya tatu akaileta kwenye ya kwanza. Akafuta msimbo, tukalisukuma gari nje, tukawasha tena. Kifaa kikaandika P0303. Tulinunua koili moja. Mafundi wazuri wanaijua kanuni hiyo, ya kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja kisha kutazama kinachotokea, lakini yeye hakufundishwa na mtu. Aliifikia mwenyewe kwa sababu hakuna aliyemwahi. Ningekuwa nimeshika spana mimi, tungekuwa na kopo la vipuri visivyohitajika na mtoto ambaye anaamini kwamba kutengeneza ni kununua.

Hapa najua nitajibiwa kwamba magari ya siku hizi yamejaa kompyuta na kwamba zama za kutengeneza gari nyumbani zimepita. Nusu ya hoja hiyo ni ya kweli. Lakini kompyuta hizohizo ndizo zilizotuambia ni silinda ipi. Nchini Marekani magari mapya madogo yalitakiwa kuwa na soketi ya kawaida ya kusomea hitilafu kuanzia yale ya mwaka wa modeli 1996, na katika Umoja wa Ulaya sharti kama hilo likaanza kwa magari ya petroli mwaka 2001, kwa hiyo gari lililotumika la miaka ya karibuni huzungumza zaidi kuliko yale ya enzi za kabureta, ambayo fundi alilazimika kuyasikiliza kwa sikio na kuyanusa. Kinachohitajika ni mtu wa kusoma anachoambiwa na kukitilia shaka kidogo, kwa maana msimbo hutaja mahali penye dalili, na mara nyingi hautaji kipuri kilichokufa.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ile ya kubadili mafuta ya breki na kutoa hewa kwenye mabomba yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hata mwaka, hata gari likiwa halitembei. Kwa kiwango kiitwacho DOT 4, mafuta mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia tatu na ushei, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 155. Breki zikipata moto mkali kwenye mteremko mrefu, mafuta hayo yanaweza kuchemka, na mvuke ukiingia kwenye mabomba, kanyagio linazama mpaka chini bila gari kusimama, kwa kuwa mvuke hubanwa ilhali mafuta hayabanwi. Ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Kwa njia ya kawaida, bila mashine, kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja huketi kwenye kiti cha dereva na kukanyaga, na mwingine huwa kwenye gurudumu, akiwa na spana ndogo na mpira mwembamba unaoingia ndani ya chupa. Binti yangu ndiye aliyekuwa kwenye gurudumu. Mimi nilikuwa kwenye kiti, simwoni, namsikia tu.

"Baba, kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapohapo."

Hapo hufungua chuchu ya breki, yaani kile kitundu cha kutolea hewa kwenye gurudumu, mafuta na mapovu hutoka, na kanyagio hushuka chini ya mguu wangu kama kitu kinachozama kwenye tope. Nisiliachie. Nikiliachia kabla hajafunga, hewa itafyonzwa kurudi ndani na kazi yote itaanza upya.

"Nimefunga. Achia."

Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu ya breki, kama kitabu chetu kilivyoelekeza, tukamalizia na lililo karibu, na kati ya hayo nilikuwa nachungulia kopo la mafuta lisije likakauka. Sikumbuki ni mara ngapi nilikanyaga. Nakumbuka kwamba kwa alasiri nzima mtoto wangu aliniamuru, nami nikatii neno kwa neno, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaona mapovu. Mara moja niliachia mapema. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tunarudia, Baba," kwa sauti ambayo niliijua vizuri, maana ni ile niliyopaswa kuitumia mimi siku ya bolti.

Wazazi watauliza kama ni busara kumwachia mtoto breki. Jibu langu ni kwamba hatukuachiana. Kabla gari halijagusa barabara, fundi mwenye sifa alifungua magurudumu yote manne akakagua tulichokifanya, akatuonyesha kwamba upande mmoja pedi zilikuwa zimekaa vizuri lakini pini zake hazikupakwa grisi ya kutosha. Hiyo ndiyo nafasi ya fundi katika mpango wa namna hii, na anayedhani kwamba kutengeneza nyumbani ni kumkwepa fundi atajuta. Mkanda wa taimingi tulimpelekea yeye tangu mwanzo. Mkanda huo hufungamanisha mhimili mkuu wa injini na mhimili wa valvu, ili wa kwanza uzunguke mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa wa pili, na katika injini nyingi ukikatika wakati wa mwendo, pistoni hugonga valvu na injini inaharibika kwa dakika isiyofika. Mkanda pia huzeeka kwa miaka hata kama kilomita hazijasogea, na wetu ulikuwa haujulikani umri wake. Sharti nililompa fundi lilikuwa moja, kwamba binti yangu asimame pale atazame alama za kupangia zinavyolinganishwa, na yeye akakubali, akampa hata kazi ya kuhesabu meno. Mifuko ya hewa ya usalama, gesi ya kiyoyozi, springi za shokamzoba, na nyaya nene za rangi ya chungwa katika magari yanayotumia umeme pamoja na petroli, hayo yote mtu wa nyumbani ayaache kabisa, hata awe jasiri namna gani.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipangua, na ni haki niliseme. Gari kuukuu linaweza kutengenezwa likawa kamili na bado likawa si salama kama jipya. Mfumo wa kielektroniki unaozuia gari lisiserereke kwenye kona ulianza kuuzwa mwaka 1995 kwa magari ya kifahari, na ulichukua muda kufika kwenye magari ya kawaida. Marekani iliulazimisha kwa magari madogo yote mapya kuanzia mwaka wa modeli 2012, na Umoja wa Ulaya ukaufanya sharti kwa magari yote mapya mwaka 2014. Madereva wageni ndio wanaouhitaji kuliko wengine, na hakuna spana inayoweza kuuongeza kwenye gari ambalo halikuzaliwa nao. Mimi nilipochagua gari sikulijua hilo. Nilitazama rangi, nikasikiliza injini, nikafurahia bei. Laiti ningerudi nyuma, ningeanza kwa kuuliza kama gari lina mfumo huo, lina breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasijifunge, na mifuko ya hewa, ndipo niangalie mengine. Tumepatana kwamba gari letu ni la mwendo mfupi wa mchana, na kwamba safari ndefu atafanya kwa gari lingine.

Hayo mengine ya kukagua kabla ya kununua si mengi, na mtoto anaweza kuyafanya mwenyewe mbele ya muuzaji, jambo ambalo huwashangaza wauzaji wengi. Namba ya utambulisho wa gari ina tarakimu na herufi 17, haina herufi I, O wala Q, na inapaswa kufanana kwenye bodi na kwenye karatasi. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne za mwisho zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa kwake, kwa hiyo 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, na tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa zee kuliko linavyoonekana. Ute mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa ukungu tu wa safari fupi, lakini ukiandamana na maji ya rejeta yanayopungua bila kuvuja nje, gasketi ya silinda hedi, inayozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini, ishukiwe. Kutu juu ya bampa ni jambo la rangi. Kutu kwenye nguzo za chini zinazobeba gari ni sababu ya kuaga na kuondoka.

Nimalizie kwa suala ambalo wazazi hawapendi kuulizwa: gari hilo ni ndoto ya nani? Najua mzazi aliyenunua gari la aina aliyoitamani ujanani, akamwita mwanawe kila mwisho wa juma, na mwanawe akawa anakuja kama anayehudhuria adhabu. Gari lile sasa limefunikwa turubai. Kijana asiyetaka asilazimishwe. Anayetaka kidogo aanze na kazi ndogo ya saa moja inayomalizika siku hiyohiyo, kama kubadili plagi au kichujio cha hewa. Plagi hasa ni mwalimu mzuri, kwa kuwa ikitoka hueleza habari za silinda yake: yenye rangi ya kahawia hafifu iko sawa, yenye masizi meusi makavu inapewa petroli nyingi kupita hewa, na iliyo nyeupe kama chaki imekuwa ikiungua kwa joto la kupindukia. Binti yangu alizipanga plagi nne juu ya gazeti, la kwako, Mhariri, utusamehe, akaandika namba ya silinda pembeni mwa kila moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba gari si langu tena.

Bakuli la oili lina thredi mpya, na bolti yake sasa hukazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia, na mtu mmoja pekee, ambaye si mimi. Ana daftari ambamo huandika kila kazi, tarehe yake na kilomita zilizosomwa siku hiyo, na kwenye ukurasa wa kwanza ameandika, kwa mwandiko mzuri sana, tukio la bolti pamoja na jina la mhusika. Juma lililopita gurudumu la nyuma la kushoto lilianza kuvuma likiwa mwendoni, na sauti hubadilika gari linapoingia kwenye kona, hivyo anashuku beringi. Amepanga kulifungua Jumamosi asubuhi. Mimi nimekwisha kuagizwa nihakikishe kwamba tochi ina betri.

Wako mtiifu,

Mzazi na msomaji wa gazeti lako